Nimeambiwa kinga ya mwili wangu ndo inatoa mimba, nipo Tanga, mwenye uelewa wa hivi vipimo anisaidie

BintiMakorora

Asalaam aleykum na habari zenu wote. Naomba mnivumilie nitaandika kirefu maana nikifupisha nitaacha kitu na mimi nataka mtu anielewe vizuri.

Nina miaka 29, nimeolewa, nipo hapa Tanga mjini. Mimba zimeshatoka mbili, zote changa. Ya kwanza ilitoka wiki ya nane, hii ya pili wiki ya tisa, na hii ya pili tulishaona kabisa mapigo ya moyo kwenye utrasaundi, daktari katuonesha na mume wangu yupo pembeni, tunarudi mara ya pili tunaambiwa moyo umesimama, nikaenda kusafishwa. Ina kama mwezi hivi sasa.

Basi dada yake mume wangu anaishi Dar akasema msikae tu njooni kuna kliniki huku ya binafsi wanashughulika na mambo ya uzazi. Tukaenda. Wakanitoa damu, majibu yakaja wakasema seli zangu za NK ziko juu, maana yake kinga ya mwili wangu inamuona mtoto kama adui inamshambulia, kwahiyo mimba ijayo inabidi niwekewe dripu za Intralipid na nianze kumeza prednisoloni tangu siku nitakayojijua nina mimba. Hela waliyotaja ni mtaji mzima wa duka la mume wangu, sisemi uongo. Mume wangu yeye anasema yuko tayari auze pikipiki. Mama mkwe anasema haya yote ni chango, nitafutiwe dawa, nimalizane nalo.

Alafu kuna jambo lingine sijui kama linahusiana, naliandika tu. Mimba ya kwanza nilipoanza kliniki kuna sehemu walinipima kaswende kwa kile kipimo cha maabara cha RPR wakasema ipo, tukachomwa sindano mimi na mume wangu. Hapo ndani ya nyumba palichafuka, kila mmoja anamtazama mwenzie. Mimba ya pili kliniki nyingine wakanipima kwa kile cha kidole cha kutoa majibu hapo hapo wakasema sina kaswende. Nikashukuru Mungu nikajua nimepona.

Sasa maswali yangu, hii habari ya kinga kushambulia mimba ni kweli ipo? Hizo dripu zinasaidia? Na kama kuna vipimo vya maana ni vipi, vinapatikana wapi, maana nafsi yangu haitaki kubeba tena mimba gizani.

---

MamaShamsa_Pongwe

Pole sana mwanangu, Mungu akupe subra. Mimi nilipitia hayo enzi zetu, bibi yangu akanichemshia dawa za chango nikanywa mimba ilipokuwa changa na Shamsa ndo huyo ana wajukuu wangu wawili. Msikilize mama mkwe wako pia, wakubwa wameona mengi. Ila hiyo hela ya mtaji msitoe kwa haraka, duka likifa mtamlea huyo mtoto kwa nini.

---

Fundi_Maabara

Dada pole sana. Kupoteza mimba ambayo mlishaona moyo unapiga ni msiba, asikuambie mtu "si ilikuwa changa". Mimi ni mtu wa maabara sio daktari, kwahiyo nitakueleza upande wa vipimo, dawa utaandikiwa na bingwa wa akina mama. Ila soma mpaka mwisho maana kwenye maelezo yako kuna kitu umekiandika kama cha pembeni na mimi ndo kimenishtua.

Nianze na hizo NK, ni aina ya chembe nyeupe za kinga. Kuna NK zinazozunguka kwenye damu, na kuna NK zinazokaa kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, na hizi mbili tabia zake hazifanani kabisa. Za kwenye damu, kama asilimia 90 hivi, ni za kupambana na virusi na kuondoa seli zilizoharibika. Za kwenye mfuko wa uzazi zinaongezeka zenyewe kila mwezi baada ya yai kutoka, na mimba ikiingia zinajaa, ile miezi mitatu ya kwanza zinafika kama asilimia 70 ya chembe nyeupe zote zilizopo pale ukutani. Hiyo ni kwa mwanamke mzima kabisa anayekwenda kuzaa salama. Ingekuwa kazi yake ni kuua mtoto nani angezaliwa? Zenyewe ni kama mafundi wa mifereji, zinasaidia kupanua mishipa midogo ya mama ili kondo la nyuma lipate damu ya kutosha. Na seli za kondo nazo zinaonesha alama inaitwa HLA-G, NK wakiiona wanaelewana nayo, hapo hapo kuna chembe nyingine za T ambazo kazi yake ni kutuliza kinga isizidishe. Lile swali la kwamba mtoto nusu ni wa baba sasa kwa nini mwili wa mama haumkatai aliliuliza mwanasayansi Peter Medawar mwaka 1953, lilikuwa swali zito na limefanya watu wasome sana, lakini waliosoma wamekuta kinga ya mama inafanya kazi ya kuijenga mimba, haiko vitani nayo muda wote kama ulivyoambiwa.

Sasa wewe umetolewa damu mkononi. Damu ya mkononi haikuambii kinachoendelea kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Na ile namba yenyewe haitulii, mtu akipandisha ngazi mbio kabla ya kuchomwa sindano inapanda, msongo wa mawazo unaibadilisha, siku za mwezi nazo zinaibadilisha. Madaktari wa uzazi wa Uingereza, RCOG, walitoa mwongozo 2023 kuhusu mimba zinazotoka kwa kujirudia, na wale wa Ulaya ESHRE wana wa kwao, hakuna hata mmoja unaosema mwanamke apimwe NK kama kipimo cha kawaida. Intralipid ni mafuta ya soya yaliyotengenezwa kulisha kwa njia ya mshipa wagonjwa wasioweza kula, hakuna ushahidi wa kueleweka kwamba yanazuia mimba kutoka. Prednisoloni ndo sipendi kabisa mtu kuimeza kwa kubahatisha, inapandisha sukari, inapandisha presha, inashusha kinga, na sisi huku malaria na TB havijaondoka. Kuna wanaohitaji dawa hiyo kweli, mwenye lupasi mathalani, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, lakini huyo anajulikana kwa vipimo vyake.

Sasa hilo la kaswende. Dada tulia hapa usome taratibu, na mumeo mwite asome.

Vipimo vya kaswende ni vya namna mbili. Hiyo RPR haimtafuti mdudu wa kaswende mwenyewe, inatafuta antibodi, yaani protini za kinga ambazo mwili unazitoa dhidi ya mafuta fulani yanaitwa kadiolipini. Kile cha kidole mlichopimwa kliniki ya pili kwa kawaida kinatafuta antibodi za mdudu mwenyewe. Na hiki cha pili kina tabia moja, mtu akishaugua kaswende kweli, hata akichomwa sindano akapona, mara nyingi kinabaki kuonesha ipo maisha yake yote. Kwahiyo wewe kusema "ya kwanza ilikuwepo, nikachomwa sindano, ya pili haikuwepo, nimepona" hesabu haiji. Kama ungekuwa uliugua kweli hicho cha kidole kwa uwezekano mkubwa kingeendelea kuonesha. Inavyoelekea hukuwahi kuwa na kaswende, wala mumeo hakuileta, RPR ilidanganya.

Na RPR inadanganya kwa sababu zinazojulikana. Malaria inaweza, ujauzito wenyewe unaweza, homa kadhaa za virusi zinaweza. Lakini mojawapo ya sababu ni mtu kuwa na antibodi za fosfolipidi, fosfolipidi ni kundi la mafuta ya kwenye kuta za seli, na hiyo kadiolipini ni mojawapo. Na hizo antibodi, dada, ndizo za kinga ambazo kweli zinatoa mimba na kweli zina dawa.

Sisemi unazo. Nasema mwanamke aliyepoteza mimba mbili na RPR yake imewahi kuonesha kitu ambacho kipimo cha pili kinakikana, ni lazima apimwe hizo kabla ya kuuza hata spea ya pikipiki. Vipimo ni vitatu vinaenda pamoja, lupasi antikoagulanti, antikadiolipini za IgG na IgM, na anti-beta-2 glaikoproteini za IgG na IgM. Usiogope hilo jina la kwanza, kuwa na lupasi antikoagulanti hakumaanishi una ugonjwa wa lupasi. Vikionesha, vinarudiwa tena baada ya wiki 12 au zaidi, maana homa ya kawaida inaweza kuzileta hizi antibodi kwa muda kisha zikapotea. Vikionesha mara zote mbili ndo inaitwa una tatizo lenyewe, ugonjwa wa antibodi za fosfolipidi. Daktari Graham Hughes wa London na wenzake ndo waliuelezea huu ugonjwa mwaka 1983, kwahiyo sio kitu cha jana.

---

UmmuRayyan_Bagamoyo

Fundi Mungu akulipe, umenirudisha mbali. Mimi ndo mwenye hizo antibodi.

Shoga yangu wa Makorora, mimi nipo Bagamoyo, mimba zangu zilitoka mbili changa, ya tatu ikafika mwezi wa nne ndo ikatoka, na hiyo ya tatu ndo iliyofanya daktari aamke, kwa sababu alinieleza mtoto akishavuka wiki ya kumi akafa tumboni na umbo lake halina kasoro, hata mara moja tu inatosha kukufikiria huu ugonjwa. Kabla ya hapo kila mtu ananiambia pumzika tu utapata mwingine. Nikapimwa Dar, ikaonesha, nikarudi baada ya miezi mitatu na kidogo, ikaonesha tena. Ajabu ni kwamba siku ile nilifurahi. Mtu mwingine hawezi kuelewa, lakini mimi nilikuwa nimeshaambiwa mpaka nina jini, nimenyweshwa kombe, nimefukizwa, mawifi wananinyooshea kidole, leo mtu ananipa karatasi inasema tatizo ni hili na dawa yake hii hapa.

Dawa ni aspirini ile ndogo ya milligramu 75 na sindano za heparini, mimi niliandikiwa enoksaparini ambayo wengi wanaijua kwa jina la Clexane, sindano moja kila siku ya tumboni chini ya ngozi. Nilianza aspirini kabla hata ya kubeba, heparini nikaanza mimba ilipothibitishwa. Nilijifunza kujichoma mwenyewe, mwanzo mume wangu ndo alikuwa ananichoma na mkono unamtetemeka. Tumbo linakuwa na alama za zambarau kila sehemu, zile zinaisha, usiogope. Bei ndo inauma. Tulikuwa tunanunua kidogo kidogo na kuna wiki nilikuwa naangalia boksi naangalia kalenda silali. Ila nilimuuliza daktari mapema kabisa akaniandikia nitahitaji ngapi mpaka mwisho, hiyo ilitusaidia familia kujipanga, baba yangu akauza miti yake, kaka zangu wakachanga.

Niliambiwa heparini haivuki kwenda kwa mtoto ndo maana wanaitumia hiyo, wafarini ndo inavuka na inaweza kumdhuru mtoto zile wiki za mwanzo, kwahiyo mtu asije akapewa dawa yoyote ya kuyeyusha damu na jirani yake akameza. Presha walikuwa wananipima kila nikienda kwa sababu wenye huu ugonjwa kifafa cha mimba kinawanyemelea zaidi. Nilijifungua mtoto wa kiume, na baada ya kuzaa nikaendelea na sindano wiki sita kwa sababu damu kuganda ndo inapenda kipindi hicho.

Huwa nawauliza watu kwa nini hiki kipimo hakisemwi. Wanawake wanaachika kwa jambo hili.

---

Fundi_Maabara

Ummu Rayyan hongera sana na asante, hayo mtu wa maabara hawezi kuyaeleza.

Niongeze kidogo kwa wanaouliza inasaidia kiasi gani. Kuna utafiti ulifanyika London ukachapishwa 1997 kwenye jarida la BMJ, wanawake 90 wenye hizi antibodi na mimba zinazojirudia kutoka, nusu walipewa aspirini peke yake nusu aspirini na heparini. Waliopewa aspirini peke yake waliozaa mtoto hai ni asilimia 42, waliopewa zote mbili ni asilimia 71. Sijui kipimo kingine cha kinga kwenye mimba changa chenye tofauti ya namna hiyo nyuma yake. Na wanavyoeleza sasa sio suala la damu kuganda tu, hizi antibodi zinazisumbua hata zile seli za kondo zisijishike vizuri ukutani, na zinawasha moto wa kinga pale pale, heparini inatuliza hayo pia.

Lakini niwe mkweli kwa wote. Kwa wanawake ambao mimba zinajirudia kutoka, wenye hizi antibodi ni kama 15 katika kila 100. Wengi hawana. Mimba changa zinazotoka, kama nusu yake kosa liko kwenye kromosomu za mimba yenyewe, yai na mbegu zimekutana hesabu haikukaa sawa, na hilo halina uhusiano na kinga ya mama wala na alichokula wala na nani alimkasirikia. Ndo maana mtu akisafishwa ikiwezekana kile kilichotoka kipimwe, huku kwetu bado ni shida lakini anayeweza aulize.

---

Abuu_Mabawa

Kaka Fundi samahani naingilia kati, mke wangu naye zilitoka mbili, akapimwa wakasema ana antibodi za tezi ya shingo za TPO, homoni ya tezi yenyewe iko kawaida. Tukaambiwa hizo nazo zinatoa mimba ameze vidonge vya levothairoksini, dawa ya homoni ya tezi. Anameza. Je tuko sawa au tunapoteza muda?

---

NesiMstaafu_Muheza

Abuu mwanangu ngoja nikujibu mimi, nimekaa wodi ya wazazi maisha yangu yote ya kazi na sijaacha kusoma. Ni kweli wenye antibodi za TPO mimba zao zinatoka zaidi kidogo kuliko wasio nazo. Lakini Uingereza walifanya utafiti mkubwa wakautoa 2019 unaitwa TABLET, wanawake zaidi ya 900 wenye antibodi hizo na homoni iko kawaida kama mkeo, nusu walipewa levothairoksini nusu kidonge kisicho na dawa, waliozaa ni sawa sawa, asilimia 37 na 38 hivi. Kwahiyo kama TSH yake, homoni inayoonesha tezi inafanya kazi vipi, iko kawaida kabisa hicho kidonge hakimuongezei mtoto. Ila usimwachishe wewe, rudini kwa daktari na karatasi ya TSH, maana kama TSH ilikuwa imepanda hiyo ni habari nyingine na dawa anaihitaji. Na akibeba apime tena mapema.

Sasa wewe binti wa Makorora. Fundi kasema vizuri sana hilo la RPR, mimi nimeona ndoa zimevunjika kwenye korido za kliniki kwa karatasi ya kaswende ambayo hakuna aliyeirudia kwa kipimo cha pili. Inaniuma mpaka leo.

Nina mambo yangu ya kuongeza. La kwanza malaria. Sisi tuko Tanga, Muheza, Korogwe, huku malaria ya wajawazito imechunguzwa kuliko sehemu nyingi, hapa hapa Muheza miaka ya 2000 mwanzoni kulikuwa na utafiti mkubwa wa mama na mtoto wa malaria ya kondo la nyuma. Yule mdudu anajificha kwenye kondo anang'ang'ania pale, na mwanamke wa mimba ya kwanza mwili wake haujawahi kuliona jambo hilo kwahiyo hana kinga nalo hata kama amekulia huku na malaria kila mwaka, akizaa zaidi ndo antibodi zinajengeka. Hiyo nayo ni kinga na mimba, na hii mbu ndo analeta. Malaria ya miezi mitatu ya mwanzo inaweza kuitoa mimba, na unaweza usiwe hata na homa. Vidonge vya SP vya kukinga malaria kwa wajawazito vinaanza baada ya wiki 13, kwahiyo hizo wiki za mwanzo kinga yako ni chandarua peke yake na kupima ukijisikia hovyo hata kidogo. Ukikutwa nayo utibiwe siku hiyo hiyo, WHO tangu 2022 wanashauri mseto wa artemetha na lumefantrini hata kwenye miezi mitatu ya kwanza, usikubali kuambiwa subiri mimba ikue.

La pili ni kutokwa na damu. Ukibeba tena ukaona damu mapema, usikae nyumbani siku tatu ukisubiri ikate. Kuna utafiti mwingine ulitoka 2019 unaitwa PRISM, wanawake zaidi ya 4000 wenye damu mimba ikiwa changa, nusu wakapewa projesteroni, homoni ya kutunza mimba, ya kuweka ukeni, nusu dawa isiyo na kitu. Kwa wote kwa ujumla tofauti ilikuwa ndogo, lakini kwa waliokuwa na historia ya mimba kutoka kabla ilionekana inasaidia, na zaidi kwa waliopoteza tatu kuendelea. Uingereza wameiweka kwenye mwongozo tangu 2021, milligramu 400 mara mbili kwa siku kwa mwenye damu na historia hiyo na mimba ikaonekana ipo ndani ya mfuko wa uzazi. Wewe una historia. Mwambie daktari wako hivyo hivyo.

La tatu nasema kwa heshima kwa Mama Shamsa, dada'angu sikudharau, na furaha ya wajukuu nakuombea iendelee. Lakini dawa za kuchemsha mimba ikiwa changa mimi nimepokea wasichana usiku wanatoka damu na tumbo linakaza baada ya kunywa kitu ambacho aliyekitoa hajui kipimo chake. Baadhi ya mizizi hiyo hiyo inakaza mfuko wa uzazi, ndo maana wakunga wa zamani waliitumia wakati wa uchungu. Mama mkwe ampikie mtoto wake chakula, ampe mboga na samaki, ampumzishe ndoo za maji, hapo atakuwa amesaidia.

Na karatasi ya kundi la damu uiangalie. Kama ni negative, O au A au yoyote, na mumeo ni positive, ulitakiwa uangaliwe suala la sindano ya anti-D pale uliposafishwa, ile ya kuzuia mwili wako usitengeneze antibodi dhidi ya damu ya mtoto. Wenye negative kwetu ni wachache ndo maana wanasahaulika.

---

MamaShamsa_Pongwe

Nesi nimekusoma na sijakasirika. Hilo la kukaza mfuko wa uzazi sikuambiwa na mtu. Binti, mchukulie mama mkwe wako kwa upole, huyo anataka mjukuu tu.

---

BintiMakorora

Nimelia nikisoma, sio kwa huzuni. Mume wangu nimempa simu akasoma lile la RPR akarudia mara mbili, hakusema kitu, akatoka nje, aliporudi akaniambia hiyo pikipiki haiuzwi kwa dripu, tutafute hivyo vipimo vitatu. Jamani hamjui mmenitolea nini ndani ya nyumba hii.

Kundi langu ni B positive nimeangalia kwenye kadi.

Maswali ya mwisho. Hapa hospitali ya Bombo nianze kwa nani? Naweza kutolewa damu hapa Tanga ikapelekwa Dar kwa basi? Maana kuna sehemu wameniambia wanatuma. Na nipime lini, na hiyo miezi mitatu ya kusubiri kurudia je ikitokea nimebeba katikati?

---

Fundi_Maabara

Bombo anza na kliniki ya akina mama, omba kumuona bingwa, nenda na kila karatasi uliyo nayo, utrasaundi zote mbili, na hasa hiyo ya RPR kama iliandikwa moja kwa ngapi, ile ya kudanganya mara nyingi huwa namba ndogo ndogo. Mwambie waziwazi unaomba kuchunguzwa antibodi za fosfolipidi, TSH na sukari, na utrasaundi ya kuangalia umbo la mfuko wa uzazi. Usiogope kuomba. Kwa mwongozo wa Ulaya mimba mbili zinatosha kuanza kuchunguzwa, ingawa ule wa Sydney wa 2006 wa kuutambua ugonjwa huu rasmi ulitaka tatu mfululizo kwa zile za chini ya wiki kumi, na daktari mwingine anaweza kukuambia subiri ya tatu. Mueleze na habari ya RPR, hiyo inabadilisha mazungumzo.

Kuhusu kupima lini, mimba imetoka mwezi tu, subiri angalau wiki sita zipite ndo utolewe damu, na usiende ukiwa na homa au umetoka kuugua malaria majuzi. Kama umeshaanza heparini mahali popote usiipime lupasi antikoagulanti bila kusema, heparini inaharibu majibu.

Kuhusu basi, hapa ndo nakuomba unisikilize sana. Antikadiolipini na ile ya beta-2 damu yake inaweza kusafiri ikitenganishwa vizuri ikawekwa kwenye ubaridi. Lupasi antikoagulanti haitaki. Inatolewa kwenye kichupa cha kizibo cha bluu, kijae mpaka alama yake kisipungue, inazungushwa kwenye mashine mara mbili ili chembe sahani, zile za kugandisha damu, ziondoke zote, na inatakiwa ipimwe ndani ya masaa manne au igandishwe. Tanga mpaka Dar ni kilomita kama 350, basi la alfajiri halijafika hata Chalinze masaa yako yanakaribia kuisha, na boksi liko kwenye buti na joto hili. Majibu yatakayotoka hapo yanaweza kukuambia una kitu huna, au huna na unacho. Panda basi wewe mwenyewe, damu itolewe kwenye jengo hilo hilo inapopimwa. Piga simu kabla uulize kama kipimo wanakifanya wao au na wao wanakituma nje.

Kama ya kwanza haijaonesha kitu chochote kati ya hivyo vitatu, kwa upande wa hizi antibodi umemaliza, hurudii. Na mwanamke aliyechunguzwa asikutwe na kitu, uwezekano wa mimba inayofuata kufika mwisho bado ni mkubwa, kama robo tatu yao wanazaa bila dawa yoyote maalum. Kama imeonesha, hesabu wiki 12 tangu siku uliyotolewa damu, sio tangu siku uliyopokea majibu.

Na ukibeba katikati kabla hujarudia, usikae na siri mpaka tumbo lionekane. Nenda kwa bingwa wiki hiyo hiyo na karatasi ya kwanza mkononi, yeye ndo ataamua kama uanze aspirini na heparini kwa hiyo moja au la, wapo wanaoanzisha na kurudia kipimo baadae baada ya kujifungua. Folik asidi anza leo, hiyo haisubiri mtu.